Risiti ya Mtoto wa Zeyana

Mama yangu, Bi Mahbuba, hajapata kudai risiti kwa mtu anayemjua, na watu anaowajua hapa Maskati ni nusu ya mji. Fundi wa friji akiwa ni mtoto wa fulani, haulizwi bei. Anapewa bahasha, anafungiwa na mkate wa ufuta, anaombewa dua, basi. Anayepokea haifungui bahasha mbele ya mtoaji, na mtoaji naye hutazama pembeni kana kwamba mkono uliotoa si wake. Nimelelewa katika ustaarabu huo na nilikuwa nikijivunia, mpaka ulipokaribia kuninyima tiba.

Tiba yenyewe haikuwa ya ugonjwa wa kusimulia watu. Nilikuwa siwezi kula mbele ya mtu. Mimi Balqees, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka arobaini na ushei mwenye mwili mkubwa tangu utoto, nilikuwa nikitoka shule naegesha gari Wattaya mbele ya maduka ya magari mapya, nakula mkate wa nyama mbio mbio kama mwizi, nafuta mdomo, kisha naenda zangu nyumbani Ansab kusema nimeshiba. Siku nyingine nilikuwa sili kabisa, na hizo ndizo siku nilizojisifu. Mwishowe nilianguka darasani, katikati ya mlinganyo, kalamu ya ubao mkononi. Mkuu wa shule akawatangazia watu kwamba nina sukari. Sukari sina.

Wala sikuanza hivyo. Tulipokuwa tukikaa mtaa wa Darsait, katika ile nyumba ya chini iliyonuka oili ya gereji ya jirani, Mama alikuwa akitandika mkeka sebuleni na kuweka sinia moja ya wali katikati. Watoto tulijipanga duara, wa kwetu na wa majirani, na nani wa kwetu nani wa jirani hakuna aliyeuliza. Mama hakuwa akianza kula. Alikuwa akimchambua nguru kwa vidole, anatoa miba, anasogeza kipande kwa kila mtoto upande wake wa sinia. Hakutazama nani mnene nani mwembamba. "Kula, mwanangu," ndiyo kauli yake, na kipande kilikuwa kimeshafika. Nilikuwa mnene, wakiniita nimenawiri, na neno hilo nililivaa kama nguo ya Idi. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndimu iliyokamuliwa juu ya samaki, roho yangu inarudi kwenye ule mkeka.

Miongoni mwa watoto wale alikuwamo Rayya, binti wa Bi Zeyana wa mlango wa pili. Alikuwa mdogo sana, miguu kama njiti za kiberiti. Mama yake alipougua na baba yake yuko kazini jangwani, Rayya alikula kwetu mwaka mzima. Halafu wakahama, na sisi tukahama. Ansab tukapata nyumba kubwa, meza ya kulia, viti, na kila mtu na sahani yake.

Katika nyumba hiyo ndimo ami yangu Harub alipofanya mzaha wake. Ilikuwa karamu ya harusi ya mwanawe, wakwe wamekaa, nami ndiyo kwanza natia mkono kwenye wali. Akasema kwa sauti, "Mpunguzieni Balqees, kiti kitakuja kulalamika." Watu wakacheka. Mimi nilicheka wa kwanza na kwa sauti kubwa kuliko wote, maana huo ndio ujanja wa mtu mnene: acheke kabla hajachekwa. Mama hakucheka. Wiki ile ile alininunulia kisahani kidogo cha maua, akawa ananipakulia mwenyewe jikoni na kuniletea kimefunikwa, watu wasione kiasi. Alidhani ananisitiri. Mapenzi matupu, lakini tangu siku ile hakunisogezea tena kipande cha samaki, na sikuweza kumwambia kwamba hicho ndicho kilichoniuma kuliko maneno ya ami.

Baada ya kuanguka, bima ya shule ikanipeleka kwenye kliniki iliyomo katika orodha yao. Muuguzi alinipandisha kwenye mizani mlangoni kabla hajaitika salamu. Daktari aliitazama namba, hakunitazama mimi, akanipa karatasi ya vyakula vya kuacha. Nilimwambia nimeshaacha, ndiyo sababu nilianguka. Akasema niendelee hivyo hivyo lakini kwa mpango. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, maana kulia kwa huzuni nilishachoka.

Daktari wa pili alikuwa na masikio. Aliandika barua kwamba ninahitaji mtaalamu wa maradhi ya kula. Katika orodha ya bima hakuwamo hata mmoja, ila walikuwa na utaratibu wao: ukienda kwa mtaalamu aliye nje ya orodha, ulipe mwenyewe kwanza, kisha upeleke risiti kabla miezi mitatu haijapita, nao watarudisha sabini katika kila mia. Nikauliza huku na huku, na jina nililopewa lilikuwa la Rayya. Amesoma ng'ambo, amerudi, ana leseni yake, anatibu watu wanaoogopa chakula na hampimi mtu uzito. Chumba chake kiko Darsait, juu ya duka la mshona mapazia, vichochoro viwili kutoka ile nyumba yetu.

Siku ya kwanza aliniambia wazi kwamba tunajuana tangu utoto, na kama hilo litanitatiza atanitafutia mwingine. Nikamwuliza kama huyo mwingine ataongea nami Kiswahili. Akatabasamu, akasema hapo pana kazi. Basi nikakaa. Viti vyake vilikuwa vipana, havina mikono ya kukubana mapaja, na pembeni hapakuwa na mizani. Sijui kama mtu mwembamba anaweza kuelewa raha ya kuingia chumba cha tabibu na kukosa mizani. Hakuniambia nipungue wala ninenepe. Aliniuliza ni lini mara ya mwisho chakula kilikuwa kitamu, nami nikamsimulia mkeka, nikaona macho yake yamelowa kidogo.

Malipo aliyashika Mama. Mshahara wangu una wenyewe: mkopo wa gari, ada ya mwanangu, na talaka haikuniachia kitu ila uhuru. Mama alikuwa na fedha aliyoiweka kwa safari ya Unguja kumwona dada yake. Akasema tutumie hiyo, bima wakirudisha tutaendelea nayo. Bila bima, fedha ile isingefika mbali. Kila wiki alinisindikiza, akakaa ukumbini na kapu lake, na wakati wa kutoka alimtia Rayya bahasha mkononi, mara na kababu, mara na halua, huku akitazama ukutani. Mimi nilidhani risiti anapewa. Kwa nini nilidhani hivyo, na mama yangu namjua, hilo ndilo swali ambalo mwalimu wa hesabu hana jibu lake.

Na tiba ilikuwa ikinishika. Nilianza kula chumba cha walimu, kwanza tende, halafu mkate, huku wenzangu wamekaa. Wattaya nikawa napita bila kusimama.

Hapo ndipo aliponipigia Maryanne, Mkenya anayeshughulikia madai ofisini kwa watu wa bima. Alikuwa mpole. "Madam Balqees, barua ya daktari iko sawa kabisa," akasema. "Lakini sioni risiti hata moja, na muda wenu unaisha wiki ijayo." Nikamweleza habari za bahasha, na kapu, na kababu. "Hiyo ni zawadi, madam. Bima hailipi zawadi."

Nilimkuta Mama jikoni. Nilimweleza taratibu, kwamba ni karatasi tu, aombe, apewe, yaishe. Aliweka kisu chini.

"Nimdai risiti mtoto wa Zeyana? Huyu nilomlisha kwa mkono huu? Risiti unamdai mtu usomuamini, Balqees. Mimi si mwenye duka na yeye si mwenye duka."

Nikamwambia bila risiti tiba inakwisha, fedha ya Unguja inakwisha, na mimi narudi nilikotoka. Akasema basi tutatafuta tabibu mwingine, mgeni, ambaye kumdai si aibu. Nilijua hayuko. Tulitupiana maneno, na mimi nikipandwa na hasira sichagui. Nikamwambia amenifichia chakula kwa sababu ya aibu na sasa ananifichia tiba kwa aibu hiyo hiyo. Aliosha kile kisahani cha maua, akakifuta muda mrefu, akakiweka kabatini.

Kesho yake nilikwenda Darsait peke yangu. Nilimwambia Rayya yote, nikimtazama usoni, na uso ulikuwa unaniwaka. Akafungua mtoto wa meza. Bahasha zote zilikuwamo, zimefungwa vile vile, na mwandiko wa Mama juu yake: *Kwa mwanangu Rayya*.

Akaniambia hakuweza kuzifungua. Kila alipojaribu alikumbuka vidole vya Mama ndani ya sinia. Alikusudia kunirudishia zote siku nitakayopona. Risiti hawezi kuandika, kwa sababu fedha ambayo hajaipokea hawezi kuiandikia kwamba kaipokea. Lakini nisiwe na wasiwasi, akasema, mimi nije tu, bure, miaka yote.

Nilikaa nikatazama bahasha zile. Watu wawili walikuwa wakinipenda mpaka wakanifungia mlango, mmoja huku, mmoja huku.

"Bure sitaki, Rayya," nikamwambia. "Nikija bure nakuwa mgeni wako. Mgeni ana adabu, hakasiriki, halii kamasi, anasema ameshiba. Adabu hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi nataka nije kama mgonjwa aliyelipa."

Akasema nina haki, na kwamba jambo hilo ilibidi aliseme yeye siku ya kwanza, ila kwa Bi Mahbuba alirudi kuwa mtoto. Akanipa bahasha nizirudishe.

Nilizipanga mbele ya Mama juu ya meza ya kulia. Akazigusa moja moja, akaona hazikufunguliwa, machozi yakamtoka. Sikumbuki kumwona Mama akilia Ansab. Machozi yake ya mwisho niliyoyajua yalikuwa ya Darsait, siku tulipohama. "Mtoto yule kafanya kazi bure," akasema, "na mimi nnajiona nimemtendea wema." Nikamweleza nilichomwambia Rayya, hata lile la mgeni kusema ameshiba. Hapo aliinua macho akanitazama muda mrefu. Usiku ule nililala na moyo mzito, sijui kama siku ya miadi atakuja.

Alikuja. Alivaa buibui lake la kwendea watu, kapu mkononi. Gari lilipopita ile nyumba yetu, ambayo sasa ni karakana ya viyoyozi, aligeuza kichwa kuitazama mpaka ikapotea. Ngazi za mshona mapazia alizipanda kwa kupumzika. Rayya alitaka kumbusu mkono, Mama akauvuta.

"Kwanza kazi," akasema.

Akakaa mezani. Akafungua bahasha moja, akatoa noti, akazihesabu kwa sauti, polepole, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya mbele ya mtu aliyekula kwake. Akafungua ya pili. Masikio yake, nayaona chini ya ukaya, yamekuwa mekundu. Rayya aliinamisha kichwa. Hakuna aliyetazama ukutani. Ilipokwisha ya mwisho, Mama alizisukuma noti mbele.

"Niandikie risiti, mwanangu," akasema. "Na tarehe za siku zote alizokuja. Huyu binti yangu ni mgonjwa wako, na tiba yake inalipiwa."

Rayya aliandika, akagonga muhuri. Karatasi ile niliipeleka kwa Maryanne kesho yake, na bima wakarudisha sehemu yao, na tiba ikaendelea. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale pale Mama aliikunja risiti, akaitia mkobani, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Khalas, biashara imekwisha," akasema, akavuta kapu.

Akatoa mkeka mdogo, akautandika chini kati ya vile viti vipana. Akatoa sinia, ile ile ya Darsait, nilidhani iliuzwa zamani. Wali, nguru, ndimu. Tukakaa chini sisi watatu, mimi magoti yakinigombeza. Nilitafuta kwa macho kile kisahani cha maua. Hakikuwamo kapuni.

Mama hakuanza kula. Alimchambua nguru kwa vidole, akatoa miba, akamsogezea Rayya kipande upande wake. Kisha akachagua kingine, kikubwa, cha mgongoni, akakisukuma juu ya wali mpaka upande wangu. Hakunitazama mwili. Alinitazama usoni.

"Kula, mwanangu."

Nikala.