Upande wa Injili

Nilisukuma juu kidude kilichoandikwa BABA, ikatoka tarumbeta.

Nikakirudisha chini, nikangoja kidogo, nikakisukuma tena. Tarumbeta vilevile. Ilikuwa sauti ya ba'mdogo Klemens, kali na yenye majigambo kama mwenyewe, ikapasua uwanja mzima wa parokia, na konsatina ya baba yangu, kinanda chake cha mkononi, haikusikika popote. Ilikuwa saa sita na dakika nne mchana, Jumapili ya pili ya Agosti, mwaka 1986. Watu zaidi ya mia tatu walikuwa wameshika sahani za kuku na soseji, na wengine walishaanza kucheza polka kwenye nyasi. Mbele yangu kulikuwa na miksa, mashine ya kuchanganya sauti, yenye njia kumi na mbili, na sikujua tena hata moja imebeba nini.

Jukwaa letu lilikuwa tela la viazi lililozungushiwa karatasi za rangi. Juu yake baba alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta na kusukuma konsatina yake, na alikuwa amewatangulia wenzake. Si sana, kama nusu ya pigo hivi. Wachezaji walikuwa hawajagundua, lakini mimi nilikulia chini ya konsatina ile, nikaliona kwenye mikono yake.

Mwezi mmoja nyuma, kwenye harusi, aliwatangulia kwa mapigo mawili kamili, akamaliza wimbo peke yake huku wenzake wakiwa bado kwenye ubeti wa mwisho. Watu walicheka wakidhani ni utani. Ba'mdogo hakucheka. Alimfuata baba hadi garini, nami nilikuwa pale nimebeba stendi za nota.

"Kaka, nakuheshimu," alisema. "Ila ukituharibia hivi sherehe ya parokia, namweka Dennis."

"Dennis yupi? Yule anayepiga konsatina kama anakanda unga?"

"Huyohuyo. Anakanda kwa wakati."

Baba alicheka, akawasha gari. Tulipofika shambani alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Berni, sikio la kushoto limekwisha. Trekta limelila. La kulia bado zima. Mama yako hajui, na asijue."

Alikuwa ameianzisha bendi ile yeye mwenyewe, miaka tisa kabla sijazaliwa. Sherehe ya parokia hakuikosa hata mara moja, hata mwaka aliovunjika mbavu. Ukimwondolea konsatina angebaki na viazi tu, na viazi havijawahi kumpigia mtu makofi.

Ndipo likanijia wazo la miksa. Mpaka wakati ule bendi nzima ilikusanyika mbele ya maikrofoni moja kama kuku kwenye chombo cha maji, kila mmoja akijisogeza zamu yake ikifika. Mimi nilifanya kazi kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, mjini, na walikuwa na miksa ya zamani isiyotumika. Wakaniazima. Kwa wiki mbili nilikaa nayo mezani jikoni na kitabu chake cha maelezo, mama akiweka sahani juu ya nyaya na kunung'unika. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kila mpigaji apate maikrofoni yake. Chini, miguuni pa wapigaji, ziwekwe spika mbili za kuwarudishia sauti, moja kila upande, kila moja na mchanganyiko wake. Ya baba itoe ngoma na konsatina tu, zimwingie moja kwa moja kwenye sikio zima. Angeisikia ngoma, asingetangulia, na Dennis angeendelea kukanda unga kwao.

"Utasimama wapi?" nilimwuliza baba.

"Niweke upande wa Waraka. Klemens akae upande wa Injili."

Wazee wa kwetu walipanga kila kitu kwa pande mbili za altare, ule wa kusomea Waraka na ule wa kusomea Injili. Kulia na kushoto waliwaachia Walutheri. Kabati la vyombo lilikaa upande wa Waraka, ng'ombe mkorofi alifungwa upande wa Injili. Niliitikia kama mtu anayejua. Kanisani kwetu, tangu nipate akili, Injili ilisomwa kwenye mimbari iliyo mkono wa kulia wa waumini. Kwa hiyo Injili ni kulia, Waraka ni kushoto. Jumamosi nilitandika nyaya zangu hivyo, nikachomeka kila plagi kwenye tundu lake, nikabandika utepe wa karatasi kwenye miksa na kuandika majina kwa wino mweusi: BABA, NGOMA, KLEMENS, KLARINETI. Nilirudia kukagua mara nne.

Siku yenyewe sikuwaona wakipanda jukwaani. Dakika tano kabla ya saa sita taa ya miksa ilizimika, nikajikuta nimepiga magoti chini ya meza nikiufuata waya wa umeme hadi kwenye hema la kina mama. Mama mmoja alikuwa ameng'oa plagi yangu ili achemshe kahawa.

"Nawe binti, unatumia umeme wa nini? Baba yako alipiga miaka yote bila umeme."

Nilimsihi kama mtu anayeomba damu. Alipokubali, kengele ya Malaika wa Bwana ikaanza kulia, na uwanja mzima ukasimama kimya, vichwa chini. Kwetu bendi haijaribu vyombo. Kujaribu ni kwa wenye wasiwasi. Kengele ikinyamaza, sala ikiisha, Zigi, mpiga ngoma wetu, anagonga vijiti vyake mara tatu na polka inaanza. Nilirudi mezani mbio, nikasukuma kidude cha baba, na ndipo ikatoka tarumbeta.

Sasa nikatazama jukwaa vizuri. Baba alikuwa mkono wangu wa kulia. Alisimama mahali pa ba'mdogo, mbele ya maikrofoni ya ba'mdogo, na spika iliyokuwa miguuni pake ilikuwa ile niliyompangia ba'mdogo, bila ngoma hata chembe. Wazo la kwanza lililonijia lilinitia baridi katika jua lile. Nilidhani baba amechanganyikiwa, kwamba si masikio tu yanayokwenda. Wimbo ulipoisha nilikimbia hadi telani.

"Baba, mbona umesimama upande wa Injili?"

Aliendelea kujifuta jasho. Aliyejibu ni ba'mdogo. "Huu ndio Waraka, mtoto wewe. Zamani padre akitugeuzia mgongo, Injili aliisomea kule." Akaonyesha kwa tarumbeta mahali alipokuwa akipigia, mkono wangu wa kushoto.

Zigi alicheka hadi akaangusha kijiti. "Watoto wa Misa mpya hawa! Hata Mungu hawajui anakaa wapi!"

Ba'mdogo hakucheka. Aliinama ukingoni mwa tela, akateremsha sauti.

"Kwa hiyo kule kutangulia, ni mashine au ni kaka yangu?"

"Ni mimi," nilisema. "Nimegeuza nyaya."

Sijawahi kukiri kosa kwa furaha kiasi kile. Na lilikuwa kosa langu kweli, ndiyo raha yake. Nilirudi mbio, nikabandua utepe, nikabandika mwingine na kuandika majina upya. Wao walikuwa wameshaanza wimbo wa pili. Ili nipange upya spika ya baba ilibidi kwanza niinyamazishe kabisa. Nikazungusha vifundo vyake vyote hadi sifuri, nikainua macho nimwombe radhi kwa ishara, maana mpigaji akikatiwa sauti ya miguuni hushtuka kama aliyezimiwa taa akiwa bafuni.

Baba hakushtuka. Alikuwa akitabasamu, anapiga, anatazama miti. Nikairudisha spika kwa nguvu, konsatina yake yenyewe ikamlipukia miguuni. Hakupepesa hata jicho.

Nikaelewa. La kulia nalo lilikuwa limekwisha, sijui tangu lini. Alinidanganya garini, akaniacha nihangaike wiki mbili na nyaya kwa ajili ya sikio lisilokuwepo. Alikuwa akipiga kwa kumbukumbu na kwa kuwaangalia wenzake mabega, na sasa alikuwa ametangulia tena. Ba'mdogo aligeuka, akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Safari hii sikuwa na waya wa kusingizia. Nililia, nakiri, nimesimama pale mbele ya watu wenye sahani.

Kwa hasira, si kwa maarifa, nilitoa kila kitu kwenye spika yake nikamwachia ngoma peke yake, ile kubwa inayopigwa kwa mguu, nikazungusha kifundo hadi mwisho. Mbao za tela zikaanza kutetemeka. Chupa ya bia ya Zigi ilianguka. Baba akatazama chini. Akasogeza kiatu chake cha shambani polepole, akakipanda juu ya spika, akakiacha hapo. Mapigo mawili, matatu. Kisha konsatina ikarudi nyuma kidogo, ikakaa juu ya ngoma, ikatulia.

Alipiga hadi saa kumi hivyo, mguu mmoja juu ya spika kama mwindaji anayepigwa picha na kulungu wake. Watu walidhani ni madaha. Wazee kadhaa waliniambia hawajawahi kumwona baba yangu Florian na furaha kiasi kile.

Jioni ba'mdogo alikuja kunisaidia kukunja nyaya. Aliinyanyua spika ya baba. Kitambaa chake cha mbele kilikuwa kimetoboka, na juu ya mbao kulikuwa na alama ya kiatu, kisigino na ncha, vumbi la shamba letu. Akaipima kwa kiganja chake. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni: mashine, umeme, kahawa ya kina mama.

"Hasikii kabisa," alisema. "Sivyo?"

Uongo haukutoka. Niliitikia kwa kichwa tu.

Akaipakia ile spika garini mwenyewe, taratibu, akaifunika kwa koti lake.

"Mwakani uweke upande huohuo," alisema. "Ila utafute kubwa zaidi. Mguu wa kaka ni mzito."

Baba alipiga sherehe sita zaidi. Miksa hawakuidai tena, ninayo mpaka leo, na utepe wa sherehe ile ya mwisho haujabanduka: NGOMA, KLEMENS, KLARINETI, na pale palipokuwa na BABA, kwa mwandiko wa ba'mdogo, MGUU.