Sahani ya Watu Wawili

...hakohoi, Viviane amesema, "Apana, ya Adeline, mi sikoholi," ananiita ya, dada mkubwa, lakini koo limemruka, nimeliona, hivyo ndivyo mtu anavyomeza kikohozi, anakirudisha chini kama uji wa moto na machozi yanamjaa, nakijua, si nililala miaka kwenye simenti hii hii, ndiyo maana Docta Lambert alinipa utafiti huu wa kifua kikuu niuongoze, "Maman Adeline, weye ndiye unajua gereza, andika maulizo weye mwenyewe," nami nikaandika nini, mjinga mimi, Je, unakohoa? Tangu lini? nikaandika kidaktari ili aone na mimi nimesoma, akasema très bien, vizuri sana, nikaenda nyumbani mtaani Saio nikitabasamu peke yangu... ona sasa, wanawake wamekaa ukutani wanasikiliza, mama kapita, mfungwa anayewatawala wenzake, anapita na mwiko wake, "Hapa wagonjwa hakuna, siye wote tuko muzuri," na nani atakubali, ukisema unakohoa hakuna atakayekula nawe, na humu anayeshiba ni mwenye ndugu mjini wa kumletea chakula, wewe ambaye wako walikimbia vita Djugu na hujui kama wanapumua, unakula sahani ya mwenzako au hauli, Viviane huyu wa Djugu ataniambiaje, kikohozi humu ni njaa, nililijua hilo, nikaliacha langoni pamoja na simu yangu... Rebecca, Rebecca wangu niliyefungwa naye, mama yangu alituletea fufu na sombe, majani ya muhogo, tukala wawili, naye kikohozi kikimjia anageukia ukutani, kitenge mdomoni, "Ni pilipili, ya Adeline," na sombe haikuwa na pilipili, nikacheka, jamani, nilicheka, akaisha kidogo kidogo hadi asubuhi moja sahani ikawa kubwa mno kwangu, laiti ningemuuliza vingine, laiti... "Tumemaliza, ya Adeline?" bado, mdogo wangu, ngoja, nikitia alama kwenye "hapana" Docta atasema gereza lina afya, dawa zitabaki sandukuni, nawe utakufa umegeukia ukuta, na mkono utakaokuua ni huu wangu, mkono wa mtu aliyekuwa anajua... kumbe swali halikuwa la kikohozi hata kidogo, swali ni lile ambalo Rebecca angelijibu akicheka, bila woga, unakulaka na nani, basi, kisha niwapime wote wanaokula pamoja, bila kumtaja mgonjwa, asifukuzwe mtu kwenye sahani... lakini kalamu iko pale pale hewani, Viviane anaitazama, koo linamruka tena, nami natazama mkono wake, kwenye kidole gumba kuna mafuta ya mawese, mekundu, hayajakauka, kwa hiyo amekula, kuna aliyemgawia, na hapo kando yake binti mwingine anafuta vidole kwenye kitenge, polepole, vyekundu pia...