Saa Mia Tatu za Josette

Kufikia saa mbili na nusu asubuhi, Josette Lamarche alikuwa ameshakoroga kahawa, ameshafagia theluji mlangoni pa ofisi ya ajira ya vijana, na ameshapanga viti kumi na viwili vya darasa la vijana wanaotafuta kazi. Ndiyo fildi hiyo, mafunzo ya kazini ya mwanafunzi: hailipwi, lakini haiishi. Chuo chake hapo Sudbury kilimdai saa mia tatu, na leo zilikuwa zinatimia.

Tena si saa tu alizotoa. Tangu Septemba msimamizi wake, Marlene, alikuwa akimwambia, "Wewe tulia, mwaya. Nafasi ya mshauri wa vijana ikitangazwa, ni yako." Josette akaamini. Aliacha zamu zake za duka la donati, akaandika upya kitini chote cha mafunzo. Jina la Marlene ndilo lililokaa kwenye jalada.

Saa nne Marlene alimpa karatasi. "Kanibandikie hii ubaoni darasani."

Josette aliisoma akiwa na pini mkononi. Ni tangazo la nafasi ile ile. Mwombaji awe na uzoefu wa miaka miwili ya kazi ya kulipwa. Mafunzo ya fildi hayahesabiwi. Chini palikuwa na sahihi ya Marlene.

Alibandika, kisha akarudi ofisini.

"Marlene, hapa mimi siwezi hata kuomba."

"Wakubwa ndio walioandika."

"Wewe ndiye uliyesaini."

"Kusaini ni kazi yangu, Josette. Usinifanye mbaya." Alivuta fomu ya chuo, akaandika "bora kabisa" kwenye kila mstari, akasaini na hiyo, akatabasamu. "Jumatatu anakuja mwanafunzi mwingine. Kabla hujaondoka, mwachie kitini na umwandikie namna unavyoendesha darasa. Na wewe ukitaka kuendelea kujitolea, mlango uko wazi."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hatabasamu. Josette alichukua fomu, maana bila fomu hakuna cheti.

Darasa lilianza saa tano. Marlene alikaa nyuma kama kawaida yake. Walifika ukurasa wa tatu, na Josette akakutana na maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: Kazi ya bure nayo ni uzoefu. Iandike juu kabisa, bila aibu.

Rhonda Nootchtai, mama kijana aliyekuwa akipikia wazee katika kituo cha jamii yake, aliinua penseli. "Dada, miaka miwili nimepika pale bila senti. Nikiandika, watanihesabia kweli? Au mnatuchangamsha tu?"

Jibu Josette alikuwa nalo. Amelitoa tangu Septemba. Leo lilikataa kutoka.

"Kasome ubaoni," alisema. "Kuna tangazo la ofisi hii. Halafu muulize Marlene, ndiye aliyelisaini."

Vichwa kumi na viwili viligeuka. Marlene akashughulika na simu yake.

Rhonda alikwenda, akasoma tangazo lote kwa sauti, akarudi kukaa. Hakumuuliza Marlene kitu. Alimtazama Josette.

"Na saa zako za bure, dada? Umeziandika wapi?"

"Sijaziandika popote," Josette alisema. "Fungueni ukurasa wa nne."

Hakuna aliyefungua.