Baraka ya Kupanda Kibo

Kwa miezi mitatu Theopista alipanda ngazi za ghorofa sita pale Kariakoo, mzigo wa vitenge mgongoni, kutoka dukani kwa mama yake hadi paani.

"Dada, siku hizi chuo kikuu wanafundisha ukuli?" wachuuzi walimtania.

"Ndiyo," aliwajibu akihema, "na mtihani wake uko Kibo, kileleni Kilimanjaro."

Sasa ilibaki siku moja tu aondoke na wenzake wa chuo, lakini mama yake, Paskalina, alikuwa bado hajambariki. Kwao Rombo, baraka ya safari kubwa hutolewa na mzazi akiwa ameuelekea mlima, na Theopista alikuwa amejiapiza kwamba bila baraka hiyo hangevuka lango la hifadhi.

"Wazungu wanapanda kwa sababu hawajui wanakanyaga wapi," Paskalina alisema akikunja kitenge. "Wewe unajua. Ule mlima tunauomba, hatuukanyagi."

"Kwa kuwa najua, Mama, nitapanda kwa adabu. Wageni wamefika, wanatusimulia mlima wetu. Sisi wenyewe tunausikia tu."

Paskalina alikiweka kitenge pembeni. Kisha akafunga duka, akatangulia kwenye ngazi.

Juu ya paa alisimama akilikabili jua, lililokuwa linazama upande wa Magomeni, akainua mikono.

"Mama," Theopista alisema taratibu, "Kibo haiko huko."

"Nimezaliwa nikiitazama, leo unifundishe wewe? Jua linazama nyuma ya Kibo."

"Ukiwa Rombo, Mama, kwa kuwa sisi tuko mashariki ya mlima. Hapa tuko mbali kusini. Kibo iko kaskazini kule, ng'ambo ya bonde la Jangwani."

Paskalina aliishusha mikono. "Ina maana kaka zako wote wawili, walipokuwa wanasafiri, niliwabariki nikiangalia Magomeni?"

"Na hawajambo, Mama."

"Basi Mungu aligeuka mwenyewe." Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akamshika bintiye mabega, wakageuka pamoja kuelekea Jangwani. Akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, kama yeye mwenyewe alivyofanyiwa na mama yake. "Nenda. Ukifika, sema umetumwa na Paskalina wa Mkuu, kule Rombo."

Waliposhuka, Hajira wa duka la jirani aliuliza mbona amefunga mapema.

"Mwanangu anakwenda Kibo," Paskalina alijibu, kwa sauti iliyowafikia hata wapita njia. "Kileleni, kwa miguu yake."