Maelezo ya Kugeuza Mayai

Mama mtotoleshaji wa vifaranga hakupenda maneno mengi, na alipoambiwa aandike maelezo ya kazi yake aliona anapotezewa muda. Aliyemwambia ni mpwa wake, mtoto wa mdogo wake wa kike, fundi wa kompyuta mwenye kitambi na sauti ya upole.

Mpwa alikuwa ameziunganisha mashine zote za kutotolesha vifaranga na programu ya akili bandia, ile inayofanya kazi yenyewe mwenye nyumba akiwa hayupo. Jina la programu likawa Mgeni. Mgeni alipewa zana: moja ya kuongeza joto, moja ya kufungua matundu ya hewa, moja ya kuongeza unyevu, moja ya kuinamisha trei ili mayai yageuke. Lakini Mgeni hana macho wala hajawahi kushika yai. Anachagua zana kwa kusoma maelezo yaliyoandikwa chini ya jina la kila moja, basi.

"Kwa hiyo andika wewe, Mama Mkubwa," mpwa alisema. "Mimi mayai nayajua yakishakaangwa."

Aliandika akiwa amesimama, glavu moja bado mkononi. Chini ya zana ya kugeuza aliandika: "Hugeuza mayai. Tumia mara kwa mara." Akaona imetosha, tena imezidi.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Mwanawe wa pekee alikuwa anaoa, katika mji wa mbali, safari ya kulala njiani. Mama huyu alikuwa amekosa mahafali yake. Alikosa siku mwanawe alipolazwa hospitali mguu umevunjika. Alikosa hata kumsindikiza alipohama nyumbani, maana kila mara palikuwa na mayai yanayokaribia kutotoa na hapakuwa na wa kumwachia. Msaidizi alikuwepo, mwanamke mwaminifu kabisa, ila usingizi wake ni wa pono. King'ora cha mashine kingelia mpaka kikaukiwe na sauti. Zamani mwana alikuwa akigomba. Siku hizi hagombi, ana adabu tu, na adabu hiyo ilimtisha mama kuliko kelele zote za zamani. Safari hii akikosa, amempoteza, na alilijua hilo vizuri.

Wakakubaliana kumjaribu Mgeni kwanza. Mama akakaa nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja, amekatazwa kusogelea mashine. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Siku ya vifaranga kutoka akafungua mlango wa chumba cha mashine, akakuta kimya. Siku kama hiyo huwa pana kelele za sokoni. Akavuta trei: vifaranga wachache wameloa, wanahema, na mayai mengine yote mazima. Akapasua moja. Ndani alikuwamo kifaranga kamili, manyoya yote yameota, amelala vibaya, mdomo umeelekea upande usio na hewa. Hakuhitaji kupasua la pili.

"Mgeni wako ameua," alimwambia mpwa. "Ameyageuza mpaka siku ya mwisho. Nani anageuza mayai siku za mwisho? Kifaranga akishajipanga kutoka, unamwacha. Kila mtu anajua."

"Kila mtu yupi? Mimi sijui."

"Wewe hujui chochote."

"Na yeye anajua kile alichopewa kusoma." Mpwa akamgeuzia kompyuta. Mgeni alikuwa ameandika sababu ya kila alichofanya, kama mfanyakazi mpya anayeogopa kufukuzwa: "Nimegeuza trei. Maelezo yanasema mara kwa mara, na hakuna mahali paliposema niache."

Mama akaisoma mara mbili. Aibu ilimshika. Alikuwa ameishi na mayai muda mrefu mno, akasahau kwamba kuna siku na yeye hakuyajua.

Alipoandika tena alikaa kitini. Kwanza akazidisha. Maelezo ya kugeuza yalianza na mashine yake ya kwanza ya mafuta ya taa, yakapitia kwa marehemu mumewe, yakachelewa huko. Mpwa alisoma huku anajikuna kitambi.

"Hii ni tanzia, Mama Mkubwa. Mwambie zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, na akiwa na shaka amuulize nani."

Akakata, akakata tena. Ikabaki hivi: "Huinamisha trei ili mayai yageuke na kifaranga asigande upande mmoja wa ganda. Tumia kila saa tangu mayai yanapoingia. Usitumie kabisa siku tatu za mwisho kati ya zile ishirini na moja: kifaranga amejipanga kutoka, ukimgeuza atakufa. Usipojua trei iliingia siku gani, usigeuze, niulize mimi." Kisha akashuka kwenye joto, akashuka kwenye matundu ya hewa.

Mayai mapya yakaingia. Mgeni aligeuza, akageuza, na siku ilipofika akaacha. Trei moja haikuwa na tarehe; akatuma ujumbe kuuliza. Chumba kikajaa kelele. Mama alisimama katikati yake akicheka peke yake, kisha akaenda kufungasha gauni.

Alikuwa amerudi kuaga mashine mwana alipopiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Watu wa ukumbi wanauliza habari za viti. Nikuwekee, au niache? Usijisikie vibaya, naelewa. Mayai yana siku zake."

"Nimeshafungasha."

"Sawa. Lakini likitokea la kutokea, mimi nimezoea. Tangu mdogo najua, mayai kwanza."

"Nani alikuambia mayai kwanza?"

Mwana alifikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Hakuna aliyeniambia. Ila hakuna siku uliyoniambia sivyo."

Mama akakaa juu ya kreti. Maneno ya kumwambia mtoto kwamba anapendwa aliyaona ni ya kwenye redio. Mtoto, kwa mawazo yake, anajua tu.

"Nisikilize. Nakupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Siku uliyovunjika mguu nilikuwa humu ndani nalia, trei mkononi. Baba yako hayupo, nikaogopa mayai yakiharibika tutakosa chakula. Sikukosa kuja kwa sababu huna maana kwangu. Niliogopa. Na nilidhani unajua."

Upande wa pili palisikika viti vinaburutwa, na watu wakibishana kuhusu meza.

"Mama, ngoja kidogo. Hapa kuna watu, natoka nje." Mlango ukafungwa, kelele zikakatika. Sauti ya mwana ilikuwa imebadilika. "Haya. Sema tena."

Akasema tena, kuanzia mwanzo.