Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumatatu moja ya Machi mwaka 1955, saa mbili na nusu asubuhi, Kiplangat aliingiza karatasi tatu na kaboni mbili kwenye taipureta, akapuliza vumbi, akaanza kuchapa orodha ya marejeo. Makala yenyewe ilikuwa tayari. Ilihusu kupe na ndigana, ule ugonjwa unaomaliza ndama, na Bwana Whitlow, mkuu wa kituo cha utafiti wa mifugo nje kidogo ya Nakuru, alitaka iondoke Ijumaa kwenda London. Jarida la huko lilikuwa na masharti yake: jina la ukoo kwanza, mwaka kwenye mabano, jina la jarida likipigiwa mstari, juzuu, ukurasa. Nukta moja ikikosekana makala inarudishwa kwa meli, na meli haina haraka.

Alipomaliza mstari wa kwanza, Abernethy wa Edinburgh alifika barazani akaketi mwanzo wa benchi. Alikuwa amekufa tangu 1919, na koti lake lilikuwa limelowa mvua ya kwao. Baada ya mstari wa pili akaja Bruyns wa Pretoria, huyo mzima, leso ya mezani bado iko shingoni. Walikaa kwa kufuata alfabeti, kila mmoja na namba ya ukurasa wake mkononi. Kiplangat akikosea juzuu, mwenyewe alikohoa kidogo, naye Kiplangat akachukua raba akafuta kwenye nakala zote tatu. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila makala tangu aingie kazi hiyo mwaka 1953, siku lori la polisi lilipomchukua karani wa zamani, Mathenge, kalamu ikiwa bado sikioni.

Chepkemboi, mpishi wa chai, alichungulia dirishani.

"Karani, leo wageni wako ni wangapi?"

"Kumi na sita, mama."

"Wote na maziwa?"

"Walio hai tu."

"Na mzee wako je?" aliuliza, akionyesha mlango kwa midomo.

Mzee aliyesimama kando ya mlango alikuwa Kiprugut arap Kosgei, baba yake Kiplangat. Alichunga ng'ombe wa kituo miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyemwambia Bwana kwamba ndama wasitolewe mpaka umande ukauke, kwa sababu kupe hupanda kwenye ncha za majani umande ukiwapo, na jua likikaza hushuka. Bwana alimwambia awahesabu ili ijulikane. Akawahesabu kila asubuhi kwa miaka mitatu, magoti yamelowa, akifunga fundo moja kwenye kamba kwa kila kupe kumi, mpaka kichomi kikamuua mwaka 1952. Makala yote ilitoka kwenye kamba hiyo. Walimzika kwao Elburgon, na Jumatatu iliyofuata marehemu akaja kazini kama kawaida. Lakini asiyekuwa kwenye orodha hana kiti, basi alisimama, na miguu yake ilikuwa imevimba. Kiplangat aliitazama kila siku. Ilimuuma, ila kwa mbali, kama kidole kilichokufa ganzi.

Katika makala ya kwanza aliyochapa, alikuwa ameliweka jina la babake. Bwana alilikata kwa penseli, taratibu, bila ubaya.

"Hii mzee nachapisha wapi?"

"Hakuchapisha, Bwana. Alisema."

"London hapana taka kusema, Kiplangat. London nataka ukurasa."

Kwa hiyo Kiplangat alimtafutia ukurasa. Ripoti ya mwaka ya kituo aliichapa yeye, na mnamo Januari aliongeza stensili moja ya kudurufu katikati, kati ya habari za mvua na za josho. Aliitungua kamba msumarini, akasoma mafundo kwa vidole, akaandika maneno ya babake kama alivyozoea kuyasikia jikoni. Ukawa ukurasa wa kumi na nne. Bwana alitia sahihi ripoti nzima bila kuisoma, maana nani husoma habari za josho, na nakala arobaini zikasambazwa.

Sasa mzee alikuwa na mwaka na ukurasa. Kiplangat alichapa mstari wake polepole: Kosgei, K. (1954), ripoti, 14. Laidlaw wa Glasgow alisogea kidogo. Kiprugut alivua kofia yake, akaketi, akanyoosha miguu. Chepkemboi alimletea chai yenye maziwa ingawa alikuwa marehemu. Kiplangat alifurahi. Alijua kwamba amefurahi kwa sababu alijikuta amechapa nukta mbili, akachukua raba.

Mzee aliketi siku tatu.

Alhamisi Bwana Whitlow alikagua orodha, mstari kwa mstari, akivuta kila kitabu rafuni. Alipofika kwa Kosgei alichukua ripoti, akasoma ukurasa wa kumi na nne, akaurudia.

"Kazi mzuri hii," alisema. "Mzuri kabisa. Lakini iko kosa moja."

Akafunga ripoti, akamwonyesha jalada. Kila kilichotoka kituoni kiliandikwa na mkuu wa kituo. Mvua iliyopimwa ilikuwa ya Whitlow, ndama waliozaliwa walikuwa wa Whitlow. Jalada hilo Kiplangat alilichapa mwenyewe kila mwaka, kwa herufi kubwa, na kwa kulizoea alikuwa ameacha kulisoma.

"Badilisha jina tu," alisema Bwana. "Ukurasa nakaa vilevile."

Kiplangat aliingiza karatasi tatu na kaboni mbili. Mstari wa Kosgei alipoupita bila kuuchapa, babake alikuwa amekwisha kusimama. Waliobaki wakasogea kuziba pengo, nafasi ikabaki mwisho wa benchi. Aliposhindilia nukta ya mwisho ya Whitlow, A., Bwana Whitlow wa mwaka uliopita alitokea barazani na kiko chake mdomoni. Bwana aliyekuwa ofisini alimwitikia kwa kichwa. Mzee alitembea mpaka mwisho wa benchi, akapangusa ubao kwa kofia yake.

"Keti, Bwana," alisema.

Kiplangat alitoka mlangoni. "Baba, kaa hata chini."

"Niko sawa, mwanangu. Maliza, posta inaondoka kesho."

Akamaliza. Makala ilitoka Oktoba na haikukosa hata nukta. Wageni waliondoka na kurasa zao. Mzee alibaki, na kwa kuwa upepo wa Menengai ulikuwa ukibamiza mlango kila mchana, Bwana alimwomba awe anaushika.

Novemba kulikuwa na makala nyingine kuhusu umande. Ilikuwa na marejeo ishirini, na matatu kati yake yalikuwa ya Whitlow. Asubuhi hiyo ilinyesha, benchi likalowa, wakahamia ndani. Chepkemboi alihesabu vikombe, akaongeza vitatu vyenye maziwa. Akina Whitlow waliingia kwa kufuata miaka yao, na mzee aliwashikia mlango mpaka wa mwisho akapita.