Mafikeng Imepaki Nafasi ya Saba

Libère alikuwa anapiga kwa utaratibu. Jimbo moja, swali moja. Kosa moja, mkanda mmoja. Sisi wengine tulikuwa upande wa pili wa pazia, maana katika ile flat tulikuwa watu kumi na mmoja na mapazia ndiyo yalikuwa kuta zetu. Kila mtu alijifanya anapika au ana usingizi.

"Free State. Mji mkuu?"

Kimya. Mkanda.

"Northern Cape?"

Kimya. Mkanda.

Aliyepigwa ni Lyse, mtoto wa marehemu kaka yake, miaka kumi na miwili. Ijumaa alikuwa na mtihani wa kuingia shule ya Afrika Kusini. Akifaulu, angekaa Grade Six na wa rika lake. Akianguka, wangemweka Grade Three, na watoto wanaomfika kiunoni. Mwaka tisini na saba tuliona msichana mwingine wa Burundi akiwekwa huko. Kila mapumziko walimtupia mawe wakimwita bibi, mpaka siku alipopasuliwa juu ya jicho, na shule ikaishia hapo.

Libère hakuubuni ule mkanda. Ndivyo alivyofundishwa kwao Ngozi, Burundi. Mpaka leo anajua mito yote ya Ulaya, na akiitaja hufumba macho kama mtu anayengoja kofi.

Nikachungulia pazia. "Kaka Libère, ukiendelea hivyo majimbo yatamtokea mgongoni. Ijumaa atafanya mtihani amevua shati?"

"Papy, kalale na magari yako."

"Magari ninayolinda ni arobaini kwa siku, na mwenye kila gari namjua. Nani alinipiga ndiyo nikawajua?"

Akanipiga mimi. Kile chuma cha mkanda kikanipata sikioni, nikaona nyota za bendera tatu tofauti.

"Nipe siku tatu," nikamwambia, damu inanichuruzika shingoni. "Alhamisi jioni umuulize. Akikosa tupige wote wawili. Mgongo wangu ni mpana, utafurahi."

Libère alikuwa ametoka kupakua magunia bandarini tangu alfajiri. Mtu wa namna hiyo hana nguvu za kubishana. "Alhamisi," akasema.

Jumanne nikampeleka Lyse kazini kwangu Morningside, nilikokuwa nalinda magari ya watu waliokuja kula. Ligne yangu, yaani kipande changu cha barabara, ilikuwa na nafasi tisa za kupaki, zimechorwa kwa rangi nyeupe kuanzia kwenye robot, zile taa za barabarani, mpaka kwenye kibanda cha simu. Majimbo ya Afrika Kusini nayo ni tisa. Sikuhitaji Roho Mtakatifu anifunulie.

"Kazi hii ina siri moja," nikamwambia. "Mwenye gari akirudi, umjue kabla hajakutafuta. Mimi namkumbuka mtu kwa kumtukana kimoyomoyo. Angalia nafasi ya kwanza, yule mama wa gauni la maua. Namlindia gari tangu Krismasi, hajanipa hata asante. Kwake kila kitu ni free. Huyo ndiye Free State. Na yale maua?"

"Bloemfontein?"

"Wapi tena, na maua yote yale? Bloem si ndiyo ua kwa Kikaburu? Sasa ya tatu, yule mwenye pete nane. Anafungua mlango kwa kiwiko asije akakwaruza almasi. Almasi wanachimba wapi?"

"Kimberley. Northern Cape." Akacheka, mkono mdomoni. Miezi mitano tulikuwa tunaishi flat moja na sikuwa najua ana mwanya.

Nafasi ya saba nilimpa mzee mmoja anayelala ndani ya gari mdomo wazi kama sanduku la posta, amezama kama jua la magharibi na hafiki kokote: North West, Mafikeng. Kufikia Jumatano saa sita Lyse alizitaja zote tisa kwenda na kurudi, anatembea kando ya magari, anagusa kila boneti kwa kidole.

Ndipo akaja Peguy. Peguy ni Mkongomani kama mimi, tumekula foufou sahani moja. Alikuja na vijana wawili na bomba la chuma.

"Papy, hii ligne iko yangu. Tangu leo."

"Tangu leo? Peguy, hata ubatizo unachukua muda kuliko hapo."

Utani huo ulinigharimu jino. Bomba lilianza na goti, na nilipoinama kulishika goti, bomba likanikuta mdomoni. Walinikokota mpaka nafasi ya saba, katikati ya magari mawili, ambako hakuna anayeona, wakanishughulikia kwa viatu. Nikasikia ubavu ukilia kama kuni. Mtu alifunga dirisha la mgahawa ili asisumbuliwe akila chakula chake. Lyse alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibanda cha simu, na yeye hakuwa na dirisha la kufunga.

Jioni ile Libère alikuwa bado bandarini. Nililala kwenye mkeka, uso umevimba, nikamwambia Lyse anitajie majimbo. Akataja sita.

"Ya saba?"

"Siwezi, Tonton," akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa chao.

"Basi ruka, nenda ya nane."

Akaangalia mikono yake. "Umelala hapo. Nikifika naona umelala, na damu. Kwetu mtu aliyelala harukwi."

Hata kwetu harukwi. Ukimruka mtu aliyelala ni kama umemhesabu na wafu. Mtoto alikuwa na adabu, na adabu hiyo ingempeleka Grade Three.

"Sharp, sawa," nikasema. "Basi lazima niinuke, na lazima unione nikiinuka."

Alhamisi asubuhi tukarudi, mimi nachechemea, yeye ananishika mkono kama ananivusha barabara. Peguy alikuwa amesimama kwenye ligne na bomba lake. Nikaenda moja kwa moja nafasi ya saba. Damu yangu ilikuwa imekauka juu ya mstari mweupe.

"Umesahau jana?" akauliza Peguy.

"Mimi sisahau kitu. Ndiyo kazi yangu."

Bomba likanipiga begani, nikaanguka. Nikainuka. Likanipiga tena mgongoni, nikaanguka kwa magoti, nikainuka tena nikishika kioo cha gari. Kutoka kwenye kibanda cha simu nikasikia sauti ndogo, lakini safi kama ya kengele ya misa.

"Tonton, huyu baba zipu yake iko wazi."

Kijana mmoja wa Peguy akacheka. Peguy akaangalia chini. Hiyo ndiyo nafasi niliyopewa na Mungu, nikampiga kichwa. Pua yake ikapasuka kama nyanya, bomba likaangukia chini ya gari, naye akalala chali katikati ya mistari miwili. Nafasi ya saba kamili. Hajawahi mtu kupaki vizuri hivyo.

Lyse akaja. Akamtazama.

"Huyu namruka," akasema.

Akakunja sketi na kumruka. Ndipo tukakimbia, maana vijana wawili walikuwa wamemaliza kucheka. Mmoja alinifikia kwa jiwe kisogoni kabla hatujapata taxi. Ligne ile sikuipata tena.

Jioni Libère akauvua mkanda. Akaanza: la kwanza, la pili, la tatu. Lyse alijibu ameinua kidevu. Flat nzima ikaacha kupika.

"North West?"

Nikamwona, chini ya sketi, anainua mguu mmoja na kuushusha mbele.

"Mafikeng."

Mkanda ulikuwa umeshapanda juu kwa mazoea, na mkono haukujua pa kuushusha. Libère akapiga godoro. "Northern Province?"

"Pietersburg."

Jumatatu barua ikafika: Grade Six. Libère akaisoma mara tatu, kisha akaupigapiga mkanda kiunoni. "Mnaona? Huu ndio umefanya kazi."

"Kweli, kaka," nikasema, upepo unapita penye jino. "Sasa nipe upumzike. Suruali yangu ilipasuka kwa ajili ya elimu."

Furaha ilikuwa imemlevya. Akacheka, akanipa. Nikauvaa palepale mbele ya mashahidi.

Mwezi wa tano majaribio ya shule yakaanza. Jioni moja nikasikia mkono wa Libère unapapasa ukuta upande wa pili wa pazia, penye msumari aliokuwa anatundikia mkanda usiku.

"Papy. Lete ule mkanda."

"Siwezi, kaka. Suruali itaanguka, na humu iko bamama."

Hakucheka. Lyse alikuwa ananong'ona mito ya Afrika, anaipaki mmoja mmoja. Pazia likaanza kusogea. Nikainuka, nikaukaza mkanda tundu moja zaidi.